Gari Likidondoka Kwenye Jeki

Campbelltown, kusini magharibi mwa Sydney, ni mji wa vilima, na zege la kuegeshea gari mbele ya nyumba mara nyingi huwa na mteremko. Mteremko na jeki havipatani. Kwa magari mengi handibreki hushika magurudumu ya nyuma tu. Yakishainuliwa yote mawili, haishiki tena kitu, na asiyeweka kabari kwenye magurudumu ya mbele atasikia kishindo. Gari lililodondoka kutoka sentimita 20 hufika chini kwa mwendo wa mita mbili hivi kwa sekunde. Mwendo huo ni mdogo, lakini uzito ulio nyuma yake ni mkubwa. Baada ya hapo huja kazi ambayo watu huidharau kwa kuwa haifungui wala haifungi kitu: kukagua ekseli ya nyuma. Nashikilia kwamba hapo ndipo ufundi hupimwa, kwa sababu chuma kilichopinda kidogo kinafanana sana na chuma kizima.

Fundi mzuri haanzi kwa kuingia uvunguni. Huhamishia gari mahali tambarare, huweka kabari, huliinua upya na kulikalisha kwenye stendi, maana jeki imekwisha kutoa onyo lake. Kisha hutafuta alama mpya ya mkwaruzo, kwa kuwa mahali palipopigwa ndipo panapoonyesha njia ambayo nguvu ilipita. Kama gurudumu lilikuwa limetolewa, dramu au disiki ndiyo iliyopokea kishindo, na bamba jembamba la nyuma yake huweza kupinda na kuanza kusugua. Hufuata paipu na hozi za breki, waya wa handibreki, na bolti za gurudumu. Akizungusha gurudumu kwa mkono, huweka kijiti kimesimama karibu na ukingo wa rimu: pengo likipanuka na kubana, ama rimu imepinda ama shafti. Hulitikisa juu na chini kusikia kama beringi inacheza, na hutazama kama sili inavuja oili. Mwisho hupima kutoka katikati ya habu ya mbele hadi ya nyuma, kulia na kushoto. Gari lenyewe ndilo rula yake: upande mmoja husahihisha mwingine.

Atatokea wa kusema kwamba huo ni woga mtupu, kwa kuwa ekseli imeundwa kubeba mzigo na kuvumilia mashimo ya barabarani. Ni kweli, na iwapo gurudumu lilikuwa limefungwa, pengine hakuna kilichoharibika. Lakini shimo la barabarani hupiga tairi kwanza, kisha springi, na kila kimoja hupunguza pigo. Disiki tupu iliyoangukia zege haina mto. Tena pigo hilo huja ukingoni, mahali ambapo mtengenezaji hakukusudia gari lisimame. Na dosari ndogo haibaki ndogo: gurudumu lililopotoka digrii moja na kuacha mwelekeo wa safari huburuzwa kando kiasi cha mita 17 kwa kila kilomita. Tairi ndiyo inayolipa, na kwenye barabara kuu ya Hume, inayopita pembeni mwa mji, dereva naye huweza kulipa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mashine ya kupimia alaimenti hutoa jibu kwa dakika chache, na katika jimbo la New South Wales gari dogo la zaidi ya miaka mitano hukaguliwa kila mwaka kabla ya kusajiliwa upya, kwa ile karatasi ambayo wenyeji huiita ya waridi. Basi ya nini macho na vijiti? Mashine ni nzuri, na alama ya pigo ikionekana karibu na habu, gari lipelekwe huko. Ila mashine hupima pembe. Haioni hozi iliyobanwa wala sili iliyoanza kutoa jasho. Nao ukaguzi wa mwaka hauna habari kwamba Jumamosi fulani gari lilidondoka. Anayejua ni yule aliyesikia kishindo, na ujuzi huo ni sehemu ya vifaa vya kazi.

Mara nyingi ukaguzi wote huu hauoni kitu, na hapo mvivu husema muda umepotea. Lakini neno "zima" lililosemwa kabla ya kupima ni matumaini, na baada ya kupima ni ushahidi. Fundi anayejua tofauti hiyo hukanyaga breki gari likiwa limesimama, huliendesha polepole akisikiliza mvumo, hugusa habu kuona ipi ina moto kuliko mwenzake, na baada ya kilomita 50 au 100 huchukua spana tena na kukaza nati ambazo hakuna aliyemwambia zimelegea.