Hongo Bila Senti: Kuitazama Upya Spadikam

Ukitaja ufisadi katika elimu hapa Kenya, wengi wetu tunaona picha ileile: karatasi ya mtihani inazunguka WhatsApp kabla jua halijachomoza, na bahasha inapita chini ya meza. Tuna sababu. Baada ya sakata ya KCSE ya 2015, bodi ya baraza la mitihani ilivunjwa, na mwaka uliofuata, ulinzi ulipokazwa, nchi nzima ikatoa A safi 141 pekee. Tangu hapo tumejizoeza kuutafuta ufisadi pale penye pesa. Pasipo na pesa, tunadhani pako salama.

Filamu iliyonifanya nitilie shaka mazoea hayo inatoka Kerala, jimbo la pwani ya kusini-magharibi mwa India, na imeigizwa kwa Kimalayalam. Inaitwa Spadikam, iliongozwa na Bhadran, na ilitoka mwaka 1995. Jina lenyewe maana yake ni fuwele, lile jiwe linalopitisha mwanga. Wapenzi wa sinema za Kerala wanaikumbuka zaidi kwa ngumi: Mohanlal mwenye miwani ya jua anaivua shuka yake kiunoni na kumfunika nayo adui usoni kabla ya kumshushia kipigo. Ni muvi ambayo ukiitazama unaisikia sauti ya DJ Afro kichwani hata kama hayupo. Lakini chini ya vumbi lote hilo kuna kesi ya mtihani, na kesi hiyo ndiyo inayonirudisha kwake.

Hadithi ni hii. Chacko ni mwalimu mkuu, gwiji wa hisabati, amepewa tuzo ya Rais kwa ualimu wake. Kerala mwalimu wa kiume huitwa “mash”, kifupi cha “master”, na neno hilo hung’ang’ania jina la mtu hata baada ya kustaafu, kama vile huku kwetu mtu anavyobaki “mwalimu” mpaka kaburini. Chacko Mash anaamini kwamba mapigo ya dunia yenyewe yako katika hisabati. Bahati mbaya, mwanawe Thomas ana akili ya mikono. Mpe nyaya na vyuma vilivyotupwa, atakuundia kitu. Mpe milinganyo, anapotea. Baba anamchapa, anamwaibisha mbele ya wenzake, anamlinganisha kila siku na kijana mwingine anayejua hesabu. Mwishowe anamshurutisha mwalimu mwenzake, Ravunni Mash, amfelishe mtoto mtihani. Kijana anachukua bikari, chombo kilekile cha hisabati, anamchoma nayo Ravunni mkononi, kisha anatoroka kijijini. Anarudi baada ya miaka mingi akiitwa Aadu Thoma, yaani Thoma Mbuzi, jambazi mwenye machimbo ya mawe ambaye hunywa damu ya mbuzi kabla ya kupigana.

Sasa hebu tusimame hapo kwenye mtihani. Hakuna senti iliyobadilisha mikono. Hakuna aliyepandishwa cheo. Chacko Mash hakuiba karatasi wala kuuza nafasi. Ukimpeleka mbele ya tume yoyote ya maadili, atatoka na cheti kingine cha pongezi. Hata hivyo alama iliyoandikwa ni ya uongo, na imeandikwa kwa sababu mwenye mamlaka alitaka iandikwe. Kama huo si ufisadi, basi neno hilo halina kazi.

Na ni ufisadi mbaya kuliko ule wa bahasha, kwa sababu mtendaji wake analala usingizi mzito. Anayekula hongo anajua anakula. Ndiyo maana anafunga mlango. Chacko hafungi mlango. Yeye anaona anamjenga mtoto. Thilakan, aliyemwigiza, anaibeba hali hii vizuri mno. Hamchezi kama jitu katili. Anamchezea ndani ya uso wa mtu aliyechoshwa na wajinga, mtu ambaye amekuwa sahihi ubaoni kwa miaka mingi hadi akaanza kudhani kuwa yuko sahihi kila mahali. Swali analouliza kila akimwangalia mwanawe ni moja: kwa nini hesabu hii inakataa kutoka?

Inasaidia kukumbuka filamu ilitoka wapi na lini. Mwezi Aprili 1991 Kerala ilitangazwa kuwa jimbo ambalo watu wake wote wanajua kusoma na kuandika, na sensa ya mwaka huohuo ikaonyesha kiwango cha takriban asilimia 90, cha juu kabisa India. Watu walisherehekea, na walikuwa na haki ya kusherehekea. Miaka minne baadaye, Bhadran anawaletea hadhira hiyohiyo mwalimu mwenye nishani na kuwaambia: mtazameni huyu pia. Si kitu rahisi. Ni kama kusimama kwenye sherehe ya matokeo, watu wamembeba mtoto aliyeongoza juujuu, halafu uulize wale wengine wako wapi.

Mtu ninayemfikiria zaidi, hata hivyo, si baba wala mwana. Ni Ravunni Mash, aliyeigizwa na Nedumudi Venu kwa upole unaouma. Yeye ndiye aliyeshika kalamu. Hakumchukia kijana. Alijua alama ya kweli, akaandika nyingine, kwa sababu aliyemwamuru alikuwa mkubwa wake kazini na mtu wa kuheshimiwa. Angalia sasa mahali bikari ilipoingia: mkononi. Kijana hakulenga uso wala kifua. Aliuadhibu mkono ulioandika. Na filamu haimwachi Ravunni aende zake. Binti yake, Thulasi, anayeigizwa na Urvashi, ndiye mwanamke ambaye Thoma anampenda, kwa hiyo familia iliyomwangusha na moyo unaomrudisha viko chini ya paa moja.

Hapa ndipo Spadikam inapotuhusu sisi ambao hatujawa walimu wakuu na pengine hatutakuwa. Wengi wetu tuko kwenye nafasi ya Ravunni. Ni yule karani anayeambiwa arekebishe tarehe kidogo tu. Ni ticha kijana wa mwaka wa kwanza anayeitwa ofisini na kuambiwa mtoto fulani arudie darasa ili asije akashusha wastani wa shule. Hakuna anayempa pesa. Anapewa kikombe cha chai na tabasamu. Uongo mwingi wa elimu hupitia kwa watu wapole wasiotaka kukosana na mkubwa, na filamu chache zimewapa watu hao kovu la kuonekana.

Thoma akirudi, anapigana na baba yake kwa njia za kitoto kabisa. Anamwita Kaduva, yaani chui-milia. Anachukua mkasi anakata mikono ya shati la mzee. Hadhira hucheka hapo, nami nilicheka. Lakini kicheko kile kina uchungu: jitu zima lenye malori na wafuasi bado linagombana na mwalimu wa hisabati kama mtoto aliyenyang’anywa kitu darasani. Muda wake ulisimama siku ile ya matokeo. Mohanlal anajua hili. Nyuma ya mbwembwe zote, macho yake yanamsubiri mzee aseme neno moja.

Si kwamba filamu haina dosari. Inapenda ngumi zake kupita kiasi. Inatueleza kuwa kijana aliharibiwa na fimbo, kisha inatuomba tushangilie kila anapomvunja mtu mbavu. Wanawake wake wanavumilia sana na kuamua kidogo. KPAC Lalitha, kama mama wa nyumba hiyo, anaweza kusema kurasa tatu kwa jicho moja, ila hati haimpi hata ukurasa mmoja wa kumzuia mumewe. Laila wa Silk Smitha naye anapewa wimbo na joto, halafu hadithi inaendelea bila yeye.

Dosari kubwa zaidi iko mwishoni. Chacko Mash anafika mahali pa kutambua alichofanya, baba na mwana wanapatana, kisha risasi ya polisi aliye adui wa Thoma inamuua mzee. Thoma analipiza, anachukuliwa na polisi, na sisi tunafuta machozi. Lakini tumedhulumiwa kidogo. Kuomba msamaha ni rahisi ukiwa na dakika chache za kuishi. Ningependa kumwona mwalimu huyo Jumatatu inayofuata, akiwa hai, akienda shuleni kusema hadharani kuwa alama ile ilikuwa ya uongo. Kifo kimemwepusha na sehemu ngumu, kikaiepusha na filamu pia.

Hata hivyo watu hawakuiacha. Februari 2023, karibu miaka 28 baadaye, Spadikam ilirudishwa kwenye majumba ya sinema picha na sauti zikiwa zimesafishwa upya, Thilakan akiwa amekwisha kufariki tangu 2012. Sidhani kizazi kipya kilinunua tiketi kwa ajili ya ngumi tu. Huku kwetu fimbo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini mtu yeyote aliyesoma baada ya hapo anajua sheria na darasa ni vitu viwili. Na hata pale fimbo ilipokwisha kweli, ile imani iliyokuwa nyuma yake bado ipo: kwamba mtoto ni hesabu yenye jibu moja, na jibu hilo mkubwa analo tayari.

Itazame, basi, hata kwa ajili ya miwani ya Mohanlal. Ila kalamu ya Ravunni ikishuka kwenye karatasi, usiangalie uso wa kijana. Angalia mkono ule, kisha uangalie wako.