"Una Bima?": Swali Fupi Lenye Makosa Matatu

Istilahi haipimwi kwa uzuri wa sauti yake, bali kwa kazi inayoifanya siku ya haja. Mwenye nyumba anayetaka kuezeka paa, kabla hajampandisha fundi juu, yampasa ajue: fundi huyu au kibarua wake akianguka, nani atagharamia matibabu, na kwa fedha zipi? Katika maelezo mengi ya Kiswahili swali hili hufupishwa kuwa "Una bima?" Ufupi huo ni kosa la istilahi, na kosa hilo laweza kumfilisi mtu.

Tuanze na neno bima lenyewe. Nchini Kenya, sheria ya 2007 kuhusu mafao ya walioumia kazini humtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Huko swali lina maana. Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ilianzisha Mfuko, na mwajiri huuchangia. Hapo fundi aliyejiandikisha na kulipa michango ya watu wake aweza kujibu "sina" kwa unyofu kabisa. Na mwenzake ambaye hakumwandikisha mtu, ila ana bima ya gari lake, akajibu "ninayo" bila ya kusema uongo. Mfasiri aliyelihamisha swali hilo kutoka nchi moja hadi nyingine, neno kwa neno, amewapotosha wote wawili.

Neno la pili ni kinga, ambalo wafasiri hulipenda mno. Lakini wahenga walikwisha sema: ajali haina kinga. Bima haimzuii mtu kuanguka. Kinachomzuia ni ngazi imara na mkanda wa usalama. Bima hulipa baada ya ajali. Fidia ni neno bora: limezoeleka, nalo lasema wazi kwamba hasara imekwisha tokea na sasa inalipwa.

La tatu, lenye madhara zaidi, ni mtu wa tatu. Ni nani huyo? Msomaji huhesabu: fundi wa kwanza, mwenye nyumba wa pili, basi kibarua ndiye wa tatu. Hesabu hiyo ni sahihi kwa vidole, si kwa mkataba. Katika mkataba wa bima, pande mbili ni mkata bima na kampuni. Wa tatu ni mtu wa nje, kama vile jirani aliyeangukiwa na tofali. Mwajiriwa wa mkata bima kwa kawaida hamo, kwani fidia yake ina njia nyingine. Hivyo mwenye nyumba aliyeridhishwa na maneno hayo hajapata lolote kwa ajili ya kibarua.

Wapo watakaosema kwamba istilahi hii imekwisha ota mizizi katika bima ya magari. Ni kweli, na huko ibaki. Juu ya paa, ambako watu watatu wanaonekana kwa macho, yafaa tuseme mtu wa nje ya mkataba.

Neno kibarua latokana na barua, yaani cheti kidogo alichopewa mfanyakazi wa kutwa. Leo aghalabu hana hata cheti hicho. Ndiyo maana lugha haina budi kumtaja waziwazi. Twapendekeza swali moja ligawanywe matatu: Wafanyakazi wako watafidiwa na nani wakiumia kazini? Mtu wa nje akidhurika, nani atamlipa? Na wewe mwenyewe, usiye na mwajiri, ukiumia utategemea nini? Kisha iombwe hati ya bima au uthibitisho wa kuandikishwa, wala si stakabadhi tu, maana stakabadhi huonyesha kwamba fedha zimelipwa, haionyeshi nani anafidiwa, kwa madhara gani, wala hadi tarehe gani.

Maswali matatu ni marefu kuliko moja. Lakini mfasiri anayeokoa maneno kwa kumpoteza mtu hajaokoa kitu.