Alipoishia Marko

Mwaka 2011 dada yangu mkubwa, akiwa amelazwa katika wodi ya wanawake na dripu mkononi, aliniuliza swali lililonifanya niisome Injili ya Marko kama nilivyokuwa sijapata kuisoma. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka tisa. Majuma matatu kabla ya hapo alikuwa amewekewa mikono katika mkutano wa maombezi, akarudi nyumbani, akavifungia vidonge vyake kabatini, wala hakumwambia mtu. Mhubiri alikuwa amesoma mwisho wa Marko, pale panapoahidiwa kwamba walioamini hawatadhurika na nyoka wala sumu, na kwamba wagonjwa watakaowagusa watapona. Siku ya ishirini na moja tulimkuta hajitambui.

Alipopata nafuu aliniambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye msomaji hapa. Yale maneno yameandikwa, au hayakuandikwa?"

Nilimjibu upesi kwamba yameandikwa, kwa kuwa yalikuwamo katika Biblia iliyokuwa pale kwenye kikabati cha kitanda chake. Nilipokuwa ndani ya daladala nikirudi nyumbani niliona kwamba nimemjibu kama karani anayethibitisha kuwa fomu ina mhuri. Hakuwa ameniuliza kama yamepigwa chapa.

Basi nilianza kusoma. Sijui Kigiriki; nilisaidiwa na mchungaji mmoja mstaafu wa jirani, mzee aliyejifunza lugha hiyo ujanani, na ambaye kila nilipokwenda alinipa kwanza chai, kisha kunyamaza kwa muda mrefu, ndipo akafungua kitabu. Hukumu nitakazotoa hapa ni zangu, si zake.

Jambo la kwanza alilonionyesha ni kwamba hatuna hata ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono wa Marko mwenyewe, wala wa Mathayo, wala wa Paulo. Tunazo nakala za nakala. Mbili kati ya zile kongwe zenye Injili ya Marko mpaka mwisho wake ni za karne ya nne, zimeandikwa juu ya ngozi. Moja imo katika maktaba ya Vatikano. Ya pili ilikuwa katika monasteri ya Mtakatifu Katarina chini ya Mlima Sinai, ambako Mjerumani Constantin von Tischendorf aliichukua kwa mafungu: karatasi 43 mwaka 1844, kisha sehemu kubwa zaidi mwaka 1859, ikapelekwa kwa mfalme wa Urusi. Mwaka 1933 serikali ya Kisovieti iliiuzia Uingereza sehemu hiyo kwa pauni 100,000. Watawa wa Sinai hawajaacha kulalamika, nami siwalaumu. (Mwaka uleule wa 1844 Johann Ludwig Krapf alishuka Mombasa na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Huyu alikuwa akileta kitabu na yule alikuwa akikichukua.)

Nakala zote mbili zinaishia Marko 16:8. Wanawake watatu wamekwenda kaburini alfajiri, wamemkuta kijana mwenye vazi jeupe, amewaambia kwamba Yesu amefufuka na kwamba wakawaambie wanafunzi wamfuate Galilaya. Wao wanakimbia, wanatetemeka, hawamwambii mtu yeyote, kwa sababu wameogopa. Hapo ndipo mwisho. Katika hati ya Vatikano mwandishi ameacha safu nzima tupu baada ya maneno hayo, ingawa kwingine katika Agano Jipya huanza kitabu kipya kwenye safu inayofuata. Mzee alinionyesha picha ya ukurasa huo, nami nikabaki kuitazama ile safu. Ni kama mtu aliyeacha kiti kwenye meza kwa ajili ya mgeni aliyesikia habari zake ila hana hakika kama atafika.

Aya 12 zinazofuata, yaani ya 9 mpaka ya 20, zimo karibu katika nakala zote za Kigiriki za baadaye, na zenyewe si changa. Ireneo wa Lyons alizinukuu yapata mwaka 180. Kwa hiyo asitokee mtu akatuambia kwamba zilitungwa na watawa wa zama za kati waliokosa kazi. Lakini Eusebio wa Kaisaria, aliyeishi wakati hati zile mbili zilipokuwa karibu kuandikwa, alijua kwamba nakala alizoziona kuwa sahihi ziliishia kwenye woga wa wanawake. Yeronimo alisema jambo kama hilo baada yake. Wazee wa Kanisa walijua, na hawakuficha. Sisi ndio tuliokaa kwenye mabenchi miaka mingi bila kuambiwa, japokuwa Biblia nyingi za siku hizi huziweka aya hizo ndani ya mabano au huweka tanbihi ndogo chini ya ukurasa.

Zisome mwenyewe, msomaji wangu, bila kujali hati wala karne, uone kama ni mkono mmoja. Maria Magdalene ametajwa mara tatu katika kurasa za mwisho; yuko msalabani, yuko kwenye maziko, yuko njiani kwenda kaburini. Ghafla katika aya ya 9 anatambulishwa upya kama mgeni, yule aliyetolewa pepo saba. Wale wenzake wawili wametoweka. Galilaya iliyoahidiwa haifikiwi. Badala yake tunapewa muhtasari wa mambo yanayosimuliwa kwingine: Magdalene kama ilivyo kwa Yohana, wawili waendao shamba kama wale wa Emau kwa Luka, kutumwa ulimwenguni kama kwa Mathayo, nyoka anayetukumbusha Paulo kule Malta katika Matendo. Sumu tu haina mwenzake katika Agano Jipya. Marko tuliyemzoea hafupishi hivi. Yeye hutuambia kwamba nyasi zilikuwa za kijani na kwamba Yesu alilalia mto ndani ya mashua. Huyu wa mwisho anaandika kama katibu wa mkutano anayewahi basi.

Kuna wanaosema kwamba ukurasa wa mwisho wa Marko ulipotea. Huenda. Lakini Mathayo na Luka, waliomfuata Marko karibu hatua kwa hatua, wanaachana njia baada tu ya wanawake kutoka kaburini. Kila mmoja anasimulia habari zake. Kama ukurasa ulipotea, ulipotea mapema mno. Mimi naamini aliishia pale kwa kukusudia. Katika kitabu chake chote Yesu anawakataza watu wasiseme, nao wanasema: mwenye ukoma anasema, waliomwona kiziwi akiponywa wanasema kadiri wanavyokatazwa. Mwishoni kabisa watu wanaagizwa waseme, na hao ndio wanaonyamaza. Mtu aliyeujenga mgeuko huo hakuwa ameishiwa na wino.

Papias, askofu wa Hierapoli, aliandika mwanzoni mwa karne ya pili kwamba Marko alikuwa mkalimani wa Petro, akayaandika kwa uangalifu aliyoyakumbuka, ingawa si kwa mpangilio. Wataalamu wengi leo wana mashaka na habari hiyo, maana kitabu chenyewe hakimtaji mwandishi wake popote, na wengi hukiweka yapata mwaka 70, wakati Petro alikuwa ameshakufa. Sitabishana nao. Ila mimi niliwahi kuwa mkalimani, na kila nikikisoma kitabu hiki nasikia kazi ile. Anaacha neno la Kiaramu lilivyo, "efatha," kisha anageuka na kuwapa wasikilizaji maana yake. Neno lake la "mara" linarudi karibu mara 40, kama mtu ambaye msemaji wake tayari ameanza sentensi nyingine naye anakimbizana kumfikia.

Niseme hilo la ukalimani, kwa sababu bila hilo nisingewaelewa walioongeza aya zile. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuja mhubiri mgeni katika usharika wetu, akahubiri kwa Kiingereza uwanjani siku tatu, nami nikawa mdomo wake. Jioni ya mwisho alimaliza hotuba yake kwa swali. Aliuliza watu watafanya nini wakirudi nyumbani na kukuta kila kitu kiko vilevile. Kisha akashuka jukwaani akaenda kukaa. Nililitafsiri swali. Watu mia kadhaa walibaki wananitazama mimi. Ule ukimya nilishindwa kuubeba. Nikaongeza kwa sauti yake, "Na Mungu atakutangulia mlangoni." Watu wakaitikia amina, kwaya ikaanza.

Miezi kadhaa baadaye bibi mmoja alinishika mkono sokoni akaniambia kwamba katika mahubiri yote ya yule mgeni, neno lililomshika ni lile la Mungu kumtangulia mlangoni. Nilimwambia, "Ndiyo, bibi, alihubiri vizuri." Mpaka leo sijamsahihisha, na sasa ameshatangulia mbele za haki.

Ndiyo maana sioni jambo la kustaajabisha kwamba watu wa karne ya pili hawakuvumilia mwisho ule. Tena hawakuumaliza kwa namna moja. Kuna mwisho mwingine mfupi, unaosema kwamba wanawake waliwapasha habari waliokuwa pamoja na Petro na kwamba ujumbe ukatumwa toka mashariki hata magharibi. Hati moja ya kale ya Kilatini iliyoko Turin ina mwisho huo tu. Na ili usigongane na yaliyotangulia, imeyafuta maneno yanayosema kwamba wanawake hawakumwambia mtu. Mkalimani huyo alikuwa na ujasiri kunishinda mimi. Hati nyingine, ambayo Charles Freer aliinunua Misri mwaka 1906, imechomeka katikati ya aya zile 12 utetezi wa wanafunzi, wakisema zama hizi ziko chini ya Shetani. Na hati moja ya Kiarmenia ya mwaka 989 imeweka juu ya aya hizo jina la mzee Ariston, kana kwamba mtu fulani alitaka haki itendeke na mwenye maneno atajwe.

Je, basi ni Maandiko? Kanisa Katoliki lilitamka katika Mtaguso wa Trento mwaka 1546 kwamba vitabu vitakatifu vipokewe pamoja na sehemu zake zote, na wengi wa ndugu zake waliojitenga nalo waliendelea kuzisoma aya hizi bila wasiwasi. Mipaka ya Agano Jipya lenyewe ilichukua muda kukaa sawa. Hati ya Sinai ina Waraka wa Barnaba na Mchungaji wa Herma, na orodha ya vitabu 27 tunavyovijua inaonekana kamili katika barua ya Athanasio ya mwaka 367. Siwezi kukubali waziwazi kwamba mikono ya watu ilikusanya kitabu, halafu nikashtuka kuona alama ya kidole. Ninalolidai ni dogo zaidi. Nadai kwamba mtu anayesimama mbele ya wagonjwa awaambie anasoma nini. Sentensi yangu ya mlangoni haikumfanya yule bibi aache dawa. Aya ya 18 imewafanya watu wafe. George Went Hensley, mhubiri wa Tennessee aliyeeneza desturi ya kushika nyoka ibadani, alikufa kwa kuumwa na nyoka mwaka 1955. Jamie Coots wa Kentucky aliumwa ibadani Februari 2014, akakataa tiba, akafariki. Sithubutu kuwacheka, walisoma kilichoandikwa, wakakiamini kuliko mimi ninavyoamini mambo mengi.

Haya yote sikumweleza dada kwa pamoja. Siku chache kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali nilimpelekea jibu langu kwa kifupi, la nakala mbili kongwe, la mkono mwingine, na la wanawake waliokimbia kaburini.

"Hawakumwambia mtu?" akauliza.

"Hawakumwambia mtu. Waliogopa."

Alinyamaza, akawa anakunjakunja pindo la shuka. "Hata mimi sikumwambia mtu," alisema. "Mume wangu alikuwa akiniuliza kila asubuhi kama nimekunywa dawa, namwambia ndiyo. Si kwa sababu nilikuwa na imani. Niliogopa wataniambia sina."

Akaniomba nimsomee. Nikasoma sura ya 16 toka mwanzo mpaka aya ya 8, nikanyamaza.

"Endelea," akasema.

Nikamwambia ndipo alipoishia Marko. Akanyoosha mkono, akaichukua ile Biblia, akavaa miwani yake, akasoma mwenyewe kwa sauti ya chini zile aya 12 zote hata ya mwisho. Kisha akanirudishia kitabu, akaniomba maji ya kumezea vidonge vya mchana.