Kalamu ya Risasi na Simu ya Mkononi

Anayehukumu sanaa hana budi kukubali kuhukumiwa naye. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuamua mashindano ya uchoraji ya wanafunzi huku Mzumbe. Kijana mmoja alileta mchoro wa kalamu ya risasi: mama muuza ndizi ameketi kandokando ya barabara, simu ameibana baina ya sikio na bega, mikono yake inahesabu chenji. Uso haukuchorwa. Milima ya Uluguru ilikuwa mistari mitatu tu. Niliuweka kando, nikaandika kwamba haukuonyesha utamaduni wetu. Tuzo nikampa aliyechora mitungi na mikuki.

Leo nakiri kwamba nilikosea, na kosa hilo lafaa kuwa somo.

Sam Ntiro (1923–1993) alichora mwaka 1956 picha ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, nayo imehifadhiwa katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Hakuwa akichora mambo ya kale. Alichora maisha aliyoyajua Uchagani. Edward Saidi Tingatinga naye, aliyefariki mwaka 1972, alitumia rangi za baiskeli juu ya mbao za kiwandani. Leo mtindo wake twauita urithi wa taifa, wala hatuulizi rangi ilitoka wapi.

Basi tuutazame upya mchoro ule. Ubora wake haumo katika simu, ambayo ni kidoa kidogo cheusi. Umo katika shingo. Mama anayeshuka mlimani na mzigo kichwani huiweka shingo wima. Kijana aliona jinsi chombo kipya kilivyoipinda. Na kwa kuuacha uso, alimchora mama yeyote kati ya wengi tunaowakuta njia panda tangu mwaka 2008, huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini. Dosari haikukosekana: kivuli cha mikono kilikuwa kizito mno, hata sarafu zikafichika. Lakini dosari hiyo ni ya mkono. Yangu ilikuwa ya macho.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Ni kweli. Lakini asili si mtungi; ni yule mama anayetafuta riziki, jana kwa mzigo, leo kwa mzigo na simu. Walimu, msiwazuie vijana kumchora. Na kijana yule, ikiwa angali anachora, namwomba radhi.