Pongezi kwa Gazeti la Senti Moja
Tarehe 1 Mei 1933, Marekani ikiwa imeelemewa na ukosefu wa kazi, Dorothy Day, kwa shauri la Mfaransa Peter Maurin, alilitoa gazeti la The Catholic Worker katika uwanja wa Union Square, New York, nakala kwa senti moja, bei isiyopandishwa hata leo. Lakini linalostahili taadhima zaidi, kwa rai yangu, ni kuwa wahariri wake hawapokei ujira, bali huishi pamoja na mafakiri wanaowaandikia habari zao, wakiwapa chakula na malazi. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka gazeti likashikilia kukataa vita, na wasomaji wengi mno wakalitupa mkono, lakini halikubadili kauli. Mwasisi wake alifariki mwaka 1980, na gazeti lingali likichapwa.