Kina, Kiuno na Kitambaa: Jinsi Jinzi Ilivyokatwa Upya kwa Mwanamke Aliyevuka Miaka Hamsini

Suruali ya jinzi ilibuniwa kwa ajili ya mwili wa mwanamume afanyaye kazi za sulubu. Hataza iliyotolewa Marekani tarehe 20 Mei 1873 kwa Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno katika jimbo la Nevada, na mfanyabiashara Levi Strauss wa San Francisco, ilihusu riveti za kuimarisha pembe za mifuko, na haikugusa hata kidogo suala la umbo la mvaaji. Zaidi ya miaka 60 ilipita kabla ya kampuni ya Levi Strauss kutoa, mwaka 1934, jinzi yake ya kwanza ya wanawake iliyoitwa Lady Levi's, ambayo ilikatwa kwa kiuno cha juu kilicho chembamba kuliko nyonga, yaani umbo ambalo wanawake wengi huwa nalo katika ujana. Mwanamke aliyekwisha kuvuka miaka 50 alibaki nje ya hesabu kwa miongo mingine mingi, akaachiwa kuchagua kati ya suruali iliyokatwa kwa ajili ya binti yake na suruali ya mpira kiunoni isiyo na umbo lolote. Uchambuzi huu unaeleza jinsi pengo hilo lilivyozibwa kwa ufundi, na hoja yake kuu ni kwamba kati ya mambo matatu yanayoamua kama jinzi itampendeza mwanamke wa umri huo, ambayo ni kina (umbali kutoka pale miguu ya suruali inapokutana hadi mkanda wa kiunoni), kiuno na kitambaa, kina ndicho kinachopaswa kutangulia, kwa sababu ndicho kisichoweza kuongezwa baada ya suruali kushonwa.

Mwili uliobadilika

Ukomohedhi, yaani kipindi ambacho hedhi hukatika kabisa, huambatana na kushuka kwa homoni ya estrojeni, na matokeo mojawapo ni kwamba mafuta ambayo awali yalijikusanya kwenye nyonga na mapaja huanza kujikusanya zaidi tumboni. Wakati huohuo misuli ya makalio na mapaja hupungua, hivyo makalio huwa bapa, huku diski za uti wa mgongo zikipungua unene na kuufanya umbali kati ya mbavu na nyonga kuwa mfupi zaidi. Wanawake wawili wanaweza basi kuwa na kiuno cha sentimita 90 kila mmoja na bado wasiweze kuvaa suruali moja, kwa kuwa kwa mmoja sehemu kubwa ya mzunguko huo iko mbele na kwa mwingine imegawanyika sawasawa pande zote. Dalili ya tofauti hii huonekana kwenye mshono wa ubavuni, ambao katika suruali inayokaa vizuri hushuka wima kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo cha mguu, na ambao huvutika kuelekea mbele pale kipande cha mbele kinapokuwa kidogo kuliko tumbo.

Viwanda vilichelewa kuyazingatia mabadiliko haya kwa sababu majedwali ya vipimo yaliyotumika hayakuwawakilisha vya kutosha wanawake wa umri huo. Utafiti mkubwa wa kwanza wa vipimo vya wanawake wa Marekani, ambao Ruth O'Brien na William Shelton waliuchapisha mwaka 1941 kupitia Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, ulipima wanawake wapatao 15,000, na takwimu zake zikawa msingi wa kiwango cha namba za nguo kilichotolewa mwaka 1958. Ni katika miaka ya 1990 tu ndipo Naomi Reich na Ellen Goldsberry wa Chuo Kikuu cha Arizona walipoongoza upimaji wa wanawake zaidi ya 6,000 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea, wakaonyesha kwamba miili hiyo ilitofautiana na majedwali yaliyokuwa yakitumika. Kazi hiyo ilizaa kiwango cha ASTM, shirika la viwango vya kiufundi la Marekani, kilichotolewa mwaka 1995 mahususi kwa wanawake wa umri huo. Kwa mara ya kwanza mkataji wa nguo alikuwa na jedwali lililomwakilisha mteja aliyekuwa akimkisia tu.

Kina cha suruali

Kina ni umbali wa kuanzia msamba, yaani pale miguu miwili ya suruali inapokutana, hadi ukingo wa juu wa mkanda wa kiunoni. Katika jinzi za kiuno cha chini zilizotawala mitindo mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kina cha mbele kwa kawaida kilikuwa karibu sentimita 18 hadi 20, ilhali jinzi ya kiuno cha juu huwa na sentimita 26 au zaidi. Tofauti hiyo ya sentimita chache ina uzito mkubwa kwa mwanamke ambaye tumbo lake limeongezeka, kwa sababu mkanda unaoishia chini ya kitovu hukata nyama katikati na kuisukuma juu, ukatokeza mkunjo ambao hata blauzi pana haiufichi, ilhali mkanda unaofika kwenye kitovu hulizunguka tumbo lote na kulishika kwa mkazo unaolingana.

Ni katika mazingira hayo ambapo George Rudes na binti yake Lisa Rudes-Sandel walianzisha kampuni yao jijini Los Angeles mwaka 2003 na kuipa jina la Not Your Daughter's Jeans, kwa maana kwamba hizo hazikuwa jinzi za binti wa mnunuzi. Walirudisha kiuno juu, wakatumia kitambaa chenye kunyumbuka, na upande wa ndani wa mbele wakaweka vipande vilivyopishana mfano wa herufi X, ambavyo hulishika tumbo bila kuhitaji mkanda mkali. Ufundi huo ulifaulu kwa sababu uligawa kazi: kina kilibeba urefu wa tumbo, vipande vya ndani vikabeba uzito wake, na mkanda ukabakiwa na jukumu la kuizuia suruali isishuke. Pale ambapo mtengenezaji huuachia mkanda peke yake kazi zote tatu, mvaaji huumia akikaa, kwani kiuno hutanuka kwa sentimita kadhaa mtu anapoketi.

Kina cha nyuma nacho hudai uangalifu wake. Mwanamke ambaye mgongo wake umeanza kuinama kidogo anahitaji kitambaa kingi zaidi nyuma kuliko mbele, la sivyo suruali huvutwa chini kila anapoketi, na huo ndio msingi wa ushauri wa kuijaribu jinzi ukiwa umekaa kwenye kiti kigumu badala ya kusimama tu mbele ya kioo.

Kitambaa na mipaka yake

Denimu, kitambaa kinachoshonewa jinzi, hufumwa kwa nyuzi za aina mbili: mtande, ambazo hutandazwa kwa urefu na kutiwa rangi ya nili, na mshindio, ambazo hupita kwa upana na kwa kawaida huachwa nyeupe. Elastani, uzi unaonyumbuka uliobuniwa na mwanakemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont mwaka 1958, huwekwa katika denimu kwa kiasi kidogo, mara nyingi asilimia 1 hadi 3, ukiwa umefunikwa na pamba ili ngozi isiuguse. Jambo lisilofahamika kwa wanunuzi wengi ni kwamba uzi huo kwa kawaida huwekwa kwenye mshindio pekee, hivyo kitambaa hunyumbuka kwa upana na kubaki kilekile kwa urefu. Elastani inaweza basi kusamehe kosa la sentimita mbili au tatu katika mzunguko wa kiuno au paja, lakini haiwezi kabisa kusamehe kina kilicho kifupi, na ndiyo maana jinzi laini inayonyumbuka sana bado huweza kubana msamba na kushuka nyuma.

Uzito wa kitambaa huamua yaliyobaki. Denimu ya gramu 340 hadi 400 kwa mita ya mraba ina ugumu wa kutosha kuinyoosha sehemu ya paja iliyolegea, ilhali kitambaa chepesi sana hufuata kila mbonyeo wa mwili na kuuonyesha. Kipimo rahisi cha ubora ni kukivuta kitambaa kwa upana, kukishikilia kwa muda, kisha kukiachia: kikirudi mara moja kitadumu, kikibaki kimelegea kitatoa magoti baada ya siku moja ya kuvaliwa. Joto kali na dawa ya kung'arisha yenye klorini huidhoofisha elastani, kwa hiyo jinzi ya namna hii hufuliwa kwa maji ya baridi, ikiwa imegeuzwa ndani nje, na huanikwa kivulini.

Upande wa nyuma

Makalio yaliyopungua misuli hupata umbo kutokana na sehemu mbili ndogo za mkato. Ya kwanza ni yoki, kipande kilicho kati ya mkanda na mifuko ya nyuma, ambacho kikikatwa kwa pembe inayochongoka kuelekea chini katikati huleta mwonekano wa mviringo, na kikikatwa kwa mstari ulionyooka huyafanya makalio bapa yaonekane bapa zaidi. Ya pili ni mifuko, ambayo inapaswa kukaa juu, kukaribiana na kuwa na ukubwa wa wastani, huku ncha yake ya chini ikiishia kabla ya mkunjo unaotenganisha kalio na paja. Mifuko midogo iliyoachana huyapanua makalio, na mifuko iliyoshuka huyashusha.

Namba, mtumba na fundi

Namba iliyo kwenye lebo ndicho kielelezo dhaifu kuliko vyote. Namba 10 ya Marekani hukaribiana na 14 ya Uingereza na 42 ya Ufaransa, na hata ndani ya nchi moja namba zimekuwa zikipanuliwa kwa miongo kadhaa ili mnunuzi ajione mwembamba. Mnunuzi wa Gikomba jijini Nairobi au wa Karume jijini Dar es Salaam, ambako jinzi za mtumba kutoka mabara tofauti huchanganyika katika rundo moja, hukutana na tatizo hili kwa ukali wake wote. Dawa yake ni kuipima nyumbani suruali moja inayokaa vizuri, ikiwa imelazwa juu ya meza, kwa kuchukua upana wa kiuno, upana wa nyonga, kina cha mbele na kina cha nyuma, kisha kwenda sokoni na futi ya fundi. Nyuzi nyembamba za mpira zilizochomoza au kitambaa kilichofanya mawimbi pajani ni dalili kwamba elastani imekwisha kukatika, na hakuna bei inayoihalalisha suruali hiyo.

Fundi cherehani anaweza kupunguza kiuno kwa kuufumua mshono wa katikati nyuma, anaweza kufupisha miguu na kuipunguza upana, lakini hana mahali pa kupata kina ambacho hakikuachwa na mkataji. Kanuni inayofuata ni kuchagua jinzi inayotosha kina na nyonga hata kama kiuno kinapwaya, kisha kumkabidhi fundi kazi ya kiuno.

Uvaaji

Mkato ukishakuwa sahihi, uvaaji huhitaji hatua chache. Rangi ya nili iliyokolea na isiyo na michujo ya makusudi kwenye nyonga huufanya mstari wa mguu uwe mmoja, kwa kuwa michirizi myeupe ya mlalo hulivuta jicho kwenye upana. Mguu unaoshuka wima kutoka pajani, au unaopanuka kidogo chini ya goti, hulinganisha uzito wa tumbo, na pindo linaloishia kwenye kifundo cha mguu au linalokaribia kugusa kisigino huurefusha mguu kuliko lile linalokatiza katikati ya shavu la mguu. Blauzi ya kitenge au shati la pamba linaloishia kwenye mfupa wa nyonga hutosha, na shati linaloteremka hadi pajani hufaa pale linapokuwa na mpasuo ubavuni ili umbo lisipotee. Mwaka 1976, Gloria Vanderbilt alipoweka saini yake kwenye jinzi za kampuni ya Murjani, alikuwa na umri wa miaka 52, na uso wake katika matangazo ya televisheni ulithibitisha kwamba umri huo unaweza kuiuza jinzi bila kuomba radhi.

Hukumu inayotokana na yote haya ni kwamba mwanamke anayevua jinzi iliyomkataa hapaswi kuulaumu mwili wake kabla ya kukipima kina cha suruali hiyo. Vipimo vya wanawake wa umri huo vimekwisha kuchukuliwa, vitambaa vipo na mafundi wapo. Kilichobaki ni wauzaji wa nguo mpya waandike kina kwenye lebo kando ya kiuno na urefu wa mguu, na wanunuzi wakidai bila kuona haya.