Mpira Ndani ya Kiungo

Mnyororo wa chuma wa kifaru huanza kufa kwenye viungo. Pini inazunguka tunduni, mchanga unajipenyeza, grisi inaunasa na kuugeuza kuwa tupa. Kila tundu linapanuka kidogo sana. Ukijumlisha viungo vyote, mnyororo umerefuka, meno ya gurudumu hayaushiki sawasawa, na siku moja unachomoka. Mafundi wa miaka ya 1920 na 1930 walioamua kuutumia mpira dhidi ya uchakavu huo wanastahili heshima kuliko wanayopewa.

Mfaransa Adolphe Kégresse aliviondoa viungo vyenyewe. Akiwa fundi wa magari ya Mfalme Nicholas II wa Urusi, alibuni mkanda mmoja usiokatika popote, ili gari lipite juu ya theluji. Baada ya mapinduzi ya 1917 alirudi kwao, na kampuni ya Citroën ikaunda magari yenye mikanda yake ya mpira. Matano yalivuka Sahara kutoka Touggourt hadi Timbuktu, Desemba 1922 hadi Januari 1923. Mwaka 1925 mengine yalifika mpaka Mombasa na Dar es Salaam.

Mkanda huo ulijaribiwa pia kwenye kifaru chepesi cha Renault FT. Lakini gari la Citroën lilikuwa na magurudumu ya mbele ya kukatia kona. Kifaru hakina magurudumu hayo: hugeuka kwa kuzuia upande mmoja, na uzito wote unauvuta mpira kwa ubavu.

Jibu la uchakavu wa viungo ninalolipenda zaidi ni la Wamarekani, kwenye kifaru chepesi M2 cha miaka ya 1930. Chuma kilirudi na viungo vikarudi, ila pini ikavishwa bushi ya mpira iliyogandishwa juu yake na kushindiliwa tunduni kwa nguvu. Mnyororo unapozunguka gurudumu, chuma hakisugui chuma: mpira wenyewe unajisokota kidogo, kisha unajirudi. Mchanga hauna pa kuingilia, wala grisi haihitajiki. Kikate kiungo kimoja kwa msumeno, utaona pete nyeusi kati ya vyuma viwili. Kazi yote inafanyika humo. Sijui ustadi gani uliojificha vizuri kuliko huo.

Mrithi wake, M3, alipopelekwa jangwani Afrika Kaskazini na Waingereza mwaka 1941, alisifika kwa kutoharibika njiani. Vipande vya mnyororo wake vilikuwa na mpira pande zote mbili. Upande mmoja ukilika, walivigeuza, wakaendelea na wa pili.